Asubuhi Tatu za Thérèse Bila Wigi

Thérèse, msusi wa mtaa wa Kensington, Johannesburg, haangalii filamu za majumba ya sinema. Simu yake huegemea chupa ya mafuta ya nywele, na huku vidole vikisuka, yeye anafuatilia vifilamu ambavyo hakuna aliyewahi kuvilipia kiingilio: dereva wa gari la takataka, mama anayesubiri barua kutoka gerezani. Kamera inatikisika, upepo unavuma ndani ya maneno. Akiona mwanamke anaamka kitandani na rangi ya midomo, anazima. "Muongo huyu. Nani analala hivyo?"

Kwa hiyo Sagesse, binti wa kanisani kwao anayesomea filamu chuoni Braamfontein, alipoomba kurekodi siku yake moja ya kazi, tangu kufungua saluni hadi kufunga, Thérèse alikubali kabla ombi halijaisha. Siku hiyo moja ilirekodiwa kwa Jumamosi tatu, maana kamera ya chuo iligombaniwa. Na mtu wa Uvira, Kongo, kama Thérèse, hasimami mbele ya kamera na kichwa cha wiki iliyopita. Picha ya Johannesburg ikifika nyumbani hupita mikono mingi. Jumamosi ya kwanza alivaa wigi la rasta ndefu, ya pili fupi la mawimbi, ya tatu jekundu kama tofali.

Mimi, mfasiri wa kupita, niliitwa baadaye, kati ya safari zangu mbili, kuandika tafsiri chini ya picha. Tulijifungia saluni watatu, kompyuta juu ya kiti cha wateja. Kwenye filamu Thérèse alifungua mlango na rasta, akala mchana na nywele fupi, akafunga jioni na nyekundu.

"Wanawake watatu," nilisema.

"Na wote wanajidai," alisema Sagesse. Kamera ilikuwa imesharudishwa, hakukuwa na kurekodi upya. Akafungua picha nyingine. "Sasa ona hizi, tantine," alimwambia Thérèse, kama anavyomwita shangazi yeyote wa kanisani.

Asubuhi, kabla ya wateja. Wigi liko juu ya kichwa cha plastiki. Thérèse anafua taulo kwenye karai, anaimba, kichwa wazi. Nywele zimerudi nyuma kutoka kipajini hadi juu ya masikio. Miaka ishirini ya kuvutwa na misuko. Asubuhi zote tatu zilifanana.

Thérèse aliruka wima. "Uliniambia unajaribu mwanga!"

"Nilikuwa najaribu. Ulikuwa mzuri."

"Eish, usinichekeshe. Msusi mwenye upara! Nani ataniletea kichwa chake?"

Akakunja taulo iliyokwisha kukunjwa. Akafungua bomba, akalifunga.

"Ukisema nifute, nafuta," Sagesse alisema. "Ila bila hizi hakuna filamu."

Alizitazama tena, amesimama. Mara ya tatu akamgusa kwa kidole, kwenye kioo cha kompyuta, yule mfua taulo. "Huyu ningemwangalia mpaka mwisho," alisema, kama anayekubali kosa. "Weka. Haraka, kabla sijageuka."

Filamu ilionyeshwa alasiri moja kwenye ukuta wa darasa. Thérèse hakukaa. Alishika kitasa cha mlango, akatoka mara mbili, akarudi. Upara ulipotokea, mtu alicheka. Mayasa wa Tanga, anayeuza vitambaa duka la jirani Kensington, aligeuka akamtazama sana Thérèse. Miaka mitatu Mayasa amekataa kusukwa saluni kwa Thérèse: "Nasuka nyumbani, shoga." Thérèse alitoka mara ya tatu, hakurudi.

Jumatatu nilipita saluni kumuaga Thérèse, begi mkononi. Wateja wawili wa asubuhi hawakutokea.

"Unaona?" aliniambia. "Ukweli wa filamu ni mtamu ukiwa wa mwingine."

Mayasa aliingia, hakusalimu, mkono tayari kwenye pini ya mtandio.

"Kaka, tupishe. Na mlango ufungwe."

Nikajikuta barabarani na begi langu. Kupitia mlango nikasikia sauti ya Thérèse:

"Mungu wangu! Nani alikuvuta hivi?"

"Msusi, nani mwingine? Taratibu, na wewe usinimalizie zilizobaki."

Bomba likafunguliwa. Safari hii halikufungwa.