Fundi Majokofu na Chumba cha Salamanda

Asubuhi, kabla chai haijachemka, fundi majokofu anavua ndala mbele ya chumba cha nyuma, anavuta mpini mzito wa chuma na kujipenyeza ndani upesi, asije akavujisha ubaridi. Mlango huo ulikuwa wa bucha lililofungwa. Aliuleta kwa mkokoteni, akaufunga hapa nyumbani, na tangu siku hiyo hakuna mtu wa familia anayesema "chumba cha nyuma". Wanasema "buchani".

"Baba yuko buchani," binti yake anamjibu mteja anayebisha hodi. "Subiri kidogo, anawaamkia wanawe."

Wanawe ni salamanda. Kwa asiyewajua, wana umbo la mjusi na ngozi laini yenye unyevu kama ya chura, na joto hawapatani nalo kabisa. Chumbani humo wapo wa nchi kavu, weusi wenye mabaka ya njano, wanaojificha chini ya vigae vilivyovunjika. Wapo pia wa majini, wembamba wenye mikia bapa, ndani ya tangi la kioo lililowekwa mbali na dirisha.

Fundi anapima hewa kwanza, kisha maji. Nyuzi kumi na saba. Anaguna, na kwake kuguna ni kuridhika.

"Nje huko mtu anatoka jasho akiwa amekaa tu," anasema. "Hawa wakionja joto hilo siku mbili, nazika."

Mtaani wanamwita Baridi. Ametengeneza majokofu tangu ujana wake, na wanyama hawa aliwapata kazini. Mwalimu wa biolojia aliyekuwa anastaafu alimwita kukarabati mtambo wa kupoza maabara, na siku ya kuondoka akamkabidhi salamanda wote, kwa kuwa hakuna mwingine aliyewataka.

"Nilimwambia, mwalimu, mimi najua kupoza nyama iliyokufa, iliyo hai sijawahi. Akasema, basi nusu ya kazi unaijua."

Nusu hiyo aliifanya barabara. Kuta alizivika povu gumu la kuzuia joto alilolichuna kwenye friza mbovu, rafu akazichomelea mwenyewe, kiyoyozi akakifufua kwa vipuri vya hapa na pale. Nusu ya pili ndiyo iliyomtia aibu. Kila mtambo wa maji baridi aliowahi kuunda ulikuwa na bomba la shaba lililozungushwa majini. Basi na humu akazungusha la shaba, maji yakapoa, akaita majirani waje kuona.

Siku chache baadaye salamanda wa majini wakaanza kulegea na kugoma kula. Wawili wakafa. Fundi alishuku chakula, akashuku kiyoyozi, mwisho akampigia mwalimu simu. Mwalimu akauliza jambo moja: bomba ni la nini?

"Nikamjibu kwa maringo, la shaba, jipya kabisa. Akasema, fundi, hao wananywa kwa ngozi, na shaba kwao ni sumu. Nilikaa juu ya ndoo pale pale."

Aliyekuja kumwinua ni mkewe, na alikuja na masharti. Yeye ni mshonaji. Cherehani yake iko sebuleni, nguo za wateja zinaning'inia juu ya makochi, na chumba cha nyuma alikuwa ameahidiwa yeye.

"Sikufoka," anasema, akikata uzi kwa meno. "Nilimwambia, baba watoto, akifa mwingine hata mmoja, mlango wako urudi kwa wauza nyama, naingiza cherehani. Nyumba yangu si makaburi ya mijusi."

"Si mijusi," fundi anadakia.

"Wakishakufa, tofauti yao nini?"

Sasa shaba iko ndani ya pipa la maji la pembeni, na maji ya salamanda hupita humo ndani ya mpira wa plastiki bila kuigusa. Maji ya bomba nayo hukaa kwanza kwenye ndoo zilizo wazi ili dawa yake ipungue. Ndoo ni za mkewe. "Maji yanapumzika kutwa nzima," analalamika. "Mimi kupumzika kwangu lini?"

Ndoo hizo ndizo zilizomwingiza buchani wiki hii. Alikwenda kuchukua moja, akasimama mbele ya tangi, akayatazama majani yaliyooteshwa ndani ya maji.

"Nani kapinda haya majani? Pindo zimenyooka hizi."

Fundi alikuwa ameyaona, akadhani yananyauka, na alipanga kuyakata ayatupe. Walipoinama pamoja, ndani ya kila pindo kulikuwa na yai dogo, angavu kama ushanga. Jike huyakunja majani kwa miguu ya nyuma ili kuyaficha mayai.

Ikabidi mayai yatengwe, maana wazazi wenyewe huyala. Yamepangwa rafuni ndani ya mabeseni. Furaha ya fundi, hata hivyo, haikudumu: mwalimu alimwonya kuwa hata kwa mlezi hodari, baadhi ya vifaranga hufa.

"Makubaliano yanasema akifa mwingine," anasema taratibu. "Watoto hatukuwazungumzia."

Mkewe anasimamisha cherehani.

"Wa kwenye mabeseni niliwaona mimi, kwa hiyo ni wangu, na wakifa ni msiba wangu. Lakini wale wakubwa, akilegea mmoja, nahamia."

Fundi anatarajia kuwalea watakaoanguliwa na kuwagawa kwa maabara za shule. Kabla ya hapo anataka kusimamisha ukuta wa povu katikati ya chumba. Salamanda watapanda kwenye rafu upande wa ndani, na upande wenye dirisha utakuwa wa cherehani.

Mkewe ameshaupima kwa utepe wake wa kushonea, zaidi ya mara moja.

"Kila akipima," anasema fundi, "upande wake unakua."