Suti Nyeupe za Majambazi

Dobi yule alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: filamu za mwongozaji fulani. Kila zilipotoka alizifuata, na mteja aliyethubutu kuzisema vibaya alirudishiwa suruali iliyopigwa pasi mguu mmoja. Sasa bintiye, aliyekulia chini ya meza ya pasi, alikuwa amefanya kazi na gwiji huyo huyo. Mavazi yote ya filamu mpya, kuanzia soksi hadi suti, yalipita mikononi mwake. Mwongozaji alikuwa amemwita tena kwa filamu nyingine, lakini binti hakutaka kujibu mpaka baba aione hii kwanza.

"Ukisema haifai, baba, nabaki hapa dukani," alisema, na wala hakuwa akitania.

Basi wakaingia sinema. Lo! Ilikuwa picha ya majambazi, lakini majambazi waliotakata. Walivaa suti nyeupe, wakaiba benki kwenye mvua, wakauana kwa madaha, na hakuna aliyechafuka hata ukosi. Kamera ilizunguka, muziki ukabembea, dobi akabaki mdomo wazi. Kila mshono ulimkonga moyo. Ila ilipofika katikati aligundua jambo la aibu: hakujua nani kamuua nani, na mbaya zaidi, hakujali. Mmoja alipopigwa risasi kifuani, alijikuta anasikitikia koti.

Walipotoka, binti alimkazia macho. Pale dukani kwao kazi nzuri haikusifiwa. Nguo ikitoka safi, dobi aliikunja na kunyamaza. Akianza kusifia, ujue anatafuta maneno ya kukupoza kabla ya kukuonyesha doa. Maskini, alisahau kwamba anayemsikiliza sasa alijifunza hayo kwake.

"Nzuri sana, mama! Tamu! Haina mfano!"

Binti akanywea. "Ina doa wapi?"

Dobi akajikuna kichwa. Roho ilimuuma, maana alimpenda mwongozaji yule, na bintiye alimpenda zaidi.

"Inapendeza, sikatai. Mpaka sasa macho yangu yamelewa. Lakini zile suti, mwanangu, hazina watu ndani. Nimekaa pale natazama nguo zinauana."

"Hakuna hata mtu mmoja aliyekugusa?"

"Yupo. Yule jambazi mzee, asubuhi amekaa kitandani anampigia mkewe simu, halafu anaogopa, anakata. Shati lake limejikunja lote. Pale ndipo nilipoguswa. Nikasema, huyu hajalala, huyu ana kwake. Nani aliyefikiria shati lile? Mwongozaji mwenyewe?"

Binti akafunika uso kwa viganja, mabega yakatikisika. Dobi akadhani analia, kumbe anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Hakuna aliyelifikiria, baba. Nilisahau kulipiga pasi. Mwongozaji aliniwakia mbele ya watu wote, nusura anifukuze. Ila jua lilikuwa linapanda, ikabidi wapige picha hivyo hivyo."

Dobi, aliyemkaripia binti huyu miaka nenda rudi kwa mkunjo mmoja wa mkono wa shati, alimtazama pale mlangoni watu wakiwapita. Fahari ilimjaa mpaka akaona haya.

"Nenda," akamwambia. "Nenda kamfanyie kazi. Ila siku moja moja, mama, isahau pasi."