Kioo cha Mbeleji Kwapani mwa Mama Mkwe

Aibu hii nimeibeba mwaka mzima, na kwa kuwa Kindu yote inaijua kuliko mimi mwenyewe, afadhali niwasimulie kwa kinywa changu, angalau mwongo awe mmoja.

Nilikuwa nimekuja kumchukua mke wangu. Amisa alikuwa amerudi kwa mama yake baada ya mimi kukaa safarini miaka mitatu bila hata salamu, na nilipofika na hadithi yangu ya kidonda cha mguu kilichonilaza Kasongo (hadithi nzuri, hata kuchechemea nilijizoeza njiani), wazee walinisikiliza mpaka mwisho wakasema neno lote liko kwa mama mkwe. Sasa mama mkwe, kwa desturi yetu, simtazami usoni wala yeye hasemi nami. Yeye hukaa nyuma ya mkeka, mimi upande huu, na maneno yetu hupita kwa Amisa. Mtu wa namna hiyo utambembeleza vipi?

Asubuhi moja nikamsikia anaugulia huko nyuma ya mkeka. Nikajiambia, Shabani, Mungu amekufungulia. Kwa maana safarini nilimbebea Mwingereza mmoja sanduku la dawa, na nilijifunza kusoma kile kijiti cha kioo chenye zebaki ndani, cha kupimia joto la mwili: ukikitia kwapani, tisini na nane ni mtu mwenye afya, mia na nne ni homa kali, na chini ya tisini na tano waite ndugu zake. Na kioo nilikuwa nacho, nilikipata kwa Mzungu mmoja Mbeleji aliyepita na mitumbwi kuelekea Lokandu, nikampa kuku. Kuuliza zaidi sikuuliza. Niulize nini, na mimi ni mjuzi?

Amisa akakipeleka nyuma ya mkeka, akanirudishia. Thelathini na sita.

Nilikisoma mara tatu. Mtu mwenye akili angekishuku kioo, lakini mimi nilimshuku mama mkwe. Nikatangaza kwa sauti, ili na majirani wasikie, kwamba mama huyu ameshapoa na amebakiza pumzi tu, ila mimi Shabani nitamrudisha.

"Mama haiko mugonjwa," Amisa akaniambia. "Jino njo inamuuma."

Nikamwambia jino halina habari, kioo ndicho chenye habari. Nikaagiza mablanketi matatu, moto wa kuni ngumu ndani ya nyumba, mawe ya moto miguuni, na uji wa tangawizi na pilipili, bakuli juu ya bakuli. Na yule mama (hapa ndipo ninapoona haya mpaka leo) hakuweza kunikataza kwa kinywa chake, kwa sababu mimi ni mkwe wake. Alimtuma Amisa aseme hapana, nami nikamjibu Amisa kwamba wagonjwa wote husema hivyo. Tukapima tena. Thelathini na saba na nusu! Nikawaambia watu imeanza kupanda, bado sitini tu, leteni kuni. Nilikuwa nimekaza moyo, wallahi, ningeichoma hata dari kuzipata hizo sitini. Majirani wakaja na kuni, wengine wakaja kutazama tu, ua ukajaa.

Ndipo Amisa, jasho linamtiririka, akaniwekea kioo mkononi akasema nijipime na mimi. Nikakitia kwapani nikitabasamu kama fundi. Thelathini na saba.

Kumbe na mimi nimeshapoa! Nikajilaza chini mbele ya watu wote, nikaelekea kibla, nikatoa shahada, kisha nikaanza kuomba radhi kama afanyavyo Mwislamu aliyeona siku yake imefika. Nilimwomba jirani anisamehe mapapai yake. Nilimwomba Amisa anisamehe kidonda, kwa sababu mguu wangu haujawahi kuugua hata siku moja. Kasongo nilikaa kwa mwanamke aliyejua kupika maharagwe kwa mawese, na sikumwacha, yeye ndiye aliyenifukuza. Na kwa mama mkwe nikakiri kwamba ule wimbo wa mama mkwe mwenye ulimi wa pilipili, wanaouimba wapagazi wote mpaka Ujiji, ni mimi niliyeutunga.

Amisa alikwenda nyuma ya mkeka, akakaa huko muda, akarudi bila kunitazama.

"Mama anasema amekupatia radhi. Kufa salama."

Basi nikafumba macho nikangoja kifo. Hakikuja. Badala yake alikuja Mzee Ramazani, mshonaji, aliyewahi kuwashonea Waingereza na Wabeleji, anatafuna muhindi wa kuchoma; akauliza kuna nini, akachukua kioo, akajipima. Thelathini na saba, na bado anatafuna. Akacheka mpaka akakaa chini. Alinieleza kwamba Mbeleji huanza kuhesabu sifuri pale maji yanapoganda, yakichemka anasema mia. Mwingereza pale pale pa kuganda anaanza na thelathini na mbili, na yakichemka anasema mia mbili na kumi na mbili. Ni kama kupima kitambaa kwa mkono wa mrefu na mkono wa mfupi, akasema, hesabu inabadilika na kitambaa ni kilekile. Chukua ya Mbeleji, zidisha kwa mbili, toa sehemu ya kumi, ongeza thelathini na mbili. Nikahesabu kwa vidole nikiwa nimelala vilevile kwenye vumbi. Thelathini na saba ikatoka tisini na nane na kidogo. Sote tulikuwa wazima, na yote nilikuwa nimeshayasema.

Mkeka ukasogezwa. Mama mkwe alitoka mwenyewe, shavu limevimba, amelowa jasho, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Shabani. Radhi nilipatia muntu wa kufa. Weye hukufa. Ninairudisha."

Akaingia ndani na Amisa akamfuata.

Nimeapa sitataja tena namba yoyote kabla ya kuuliza ni namba ya nani. Lakini Kindu sikuihama, kama wengi walivyodhani. Kila alfajiri nashika jembe nakwenda kulima mpunga wa mama yule, upande wa Mikelenge, na anayetaka kunicheka anajua pa kunikuta. Radhi ile alinipa nikiwa maiti. Nitaipata nikiwa mzima.