Risasi Moja, Kisha Kimya

Kazi hiyo niliipata Nanyuki, kwa mfanyabiashara wa mifugo aliyeniuliza swali moja tu: kama naogopa ng'ombe. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita huko Wamagana, nimechuma chai Kianyaga, nimebeba magunia ya kahawa Kiriaini, na popote nilipoanza kuzoeleka niliondoka. Akanipeleka nyanda kavu kaskazini ya mji, nichunge pamoja na askari wa akiba, mzee aliyepewa bunduki na serikali alinde mifugo ya kijiji. Ng'ombe wake mwenyewe, wote waliobaki baada ya ukame, walikuwa katika kundi hilo.

Bunduki yake ilikuwa ya zamani, yenye kitako cha mbao. Kila baada ya risasi unainua komeo, unavuta nyuma, ganda linaruka, unasukuma mbele, ndipo unafyatua tena. Nilimsumbua kwa maswali hadi akanieleza yote. Enzi za mababu, alisema, askari alimimina baruti mdomoni mwa mtutu na kuishindilia kwa fimbo, amesimama wima, na wengi walikufa wakishindilia. Ikaja ya kupakia kwa nyuma, risasi moja moja, mtu akaweza kulala chini. Ikaja ya komeo, kama yake. Halafu ya kujipakia yenyewe, na sasa hii ya wezi wa mifugo, ambayo unabana kidole tu nayo inamwaga.

Nilimwambia kuwa babu yangu alifukuzwa msituni na askari wa mkoloni wenye bunduki kama hiyo yake, naye babu alikuwa na ya kujitengenezea, bomba la maji na komeo la mlango lililovutwa na mpira. Mzee akacheka. Alisema kila vita vina mtu aliye nyuma kwa bunduki moja.

Asubuhi moja tulipeleka ng'ombe kwenye korongo lililobaki na maji. Wezi walikuwa wametangulia ng'ambo, wamelala nyuma ya mawe. Tuliona mtutu mmoja, kisha mwingine. Tukarudi nyuma ya mwamba na kundi likasimama katikati, limenyoosha pua kuelekea majini. Nikamuuliza mzee mbona hapigi.

"Nikipiga watajua," alisema. "Sasa hawajui niko na gani. Ikilia mara moja halafu inyamaze, watajua navuta komeo."

Wao pia walilijua hilo. Mmoja akaita kutoka ng'ambo, kwa sauti ya kirafiki kabisa.

"Mzee wetu, tupigie moja tu tusikie."

Wenzake wakacheka. Jua lilipanda, na mwamba ukawaka kama kikaango. Niliwahi kukaa njaa, niliwahi kulala stendi, lakini sijawahi kutamani kitu kama nilivyotamani wale ng'ombe wasahau kiu. Niliwarushia mawe, niliwapigia mluzi hadi midomo ikapasuka. Ng'ambo nao walipiga mluzi wao, na maji yalikuwa upande wao. Ng'ombe mwekundu wa mzee alitangulia. Wengine wakamfuata.

Mzee akaegemeza kitako begani. Akapiga risasi mbele ya kwato za yule mwekundu, kundi likashtuka na kugeuka kidogo.

Nikasikia komeo likiinuka, likirudi, likisukumwa. Alifanya upesi kuliko nilivyowahi kumwona, na bado nafasi ile ilikuwa ndefu kiasi cha mtu kuvuta pumzi na kuelewa.

Ng'ambo walisimama. Hawakukimbia wala kuinama. Walisimama wima na kujipangusa vumbi magotini. Mzee akapiga tena, akakosa. Mmoja wao akamimina risasi juu ya mwamba wetu, vipande vya mawe vikatuangukia shingoni, tukabaki kifudifudi hadi kengele za ng'ombe zikawa hazisikiki tena.

Nilipoinua kichwa vumbi lao lilikuwa bado linaonekana. Mzee alikuwa amepiga magoti, anapapasa nyasi. Kituo cha polisi hawakuwa wakimpa risasi mpya bila kurudisha maganda, na kati ya mawili alikuwa amepata moja tu.

"Nisaidie kutafuta," alisema, na nikapiga magoti kando yake.