Chanuo cha Nje

Kila nikifungua mafuta ya nazi kumchana binti yangu, humkumbuka yule mbwa mdogo wa jirani yetu wa Chaani, ambaye manyoya yake marefu yalimfunika macho. Siku moja, jirani akiwa kazini bandarini, mbwa alikuja kulala kizingitini kwetu, manyoya yamejaa mafundo. Bibi, ambaye hakuwahi kugusa mbwa, alimtazama sana.

"Huyu yuaumia," akasema.

Akampaka mafuta, akamfumua kwa chanuo polepole kuanzia kwenye ncha, kama alivyonichana mimi, kisha akamfunga manyoya ya usoni kwa uzi apate kuona. Alipomaliza alinawa mara saba, moja kwa mchanga, kama dini itakavyo.

Asubuhi nikakuta chanuo kimetundikwa nje, ukutani.

"Usikiguse," bibi akaniambia. "Kina mwenyewe."