Sauti ya Pili Kwenye Kanda ya Ubaruku

Ukiniamini sawa, usiponiamini pia sawa, mimi sitakuapia. Haya niliyaona kwa macho yangu, jua likiwa bado linawaka, na sikuwa nimeonja hata ulanzi, ile pombe ya mianzi. Naishi Iringa, kwa hiyo najua ungeuliza.

Mimi ni mwanamuziki. Napiga gitaa na kuimba kwenye maharusi, na hapa Ipogolo ninapoishi ukimwulizia yule mama wa gitaa utaletwa mpaka mlangoni kwangu. Lakini kazi ninayojivunia kuliko zote niliifanya nikiwa bado binti wa shule, kule Ubaruku, Mbarali, kwenye mashamba ya mpunga. Ni albamu nzima, usicheke. Tuliirekodi wawili, mimi na binamu yangu Sekela, kwa redio kaseti ya baba. Gitaa lilikuwa galoni la mafuta tulilolifunga nyaya za breki za baiskeli, na mpigaji alikuwa Sekela, kwa sababu sauti ya kuimbia hana na mwenyewe anajua. Jalada tulilichora kwa kalamu za rangi, tukaandika "Msimu wa Ndege".

Kwa nini turekodi shambani? Nyumbani mashine za kukoboa zilinguruma kutwa nzima, halafu msimu ule tulikuwa tunaamia ndege. Kama hujawahi kuishi Mbarali, ngoja nikueleze. Mpunga ukianza kuiva, kweleakwelea wanashuka kwa makundi ya kutisha, na mtu lazima akae juu ya dungu, jukwaa la miti, tangu asubuhi mpaka jioni, anapiga debe na kupaza sauti, la sivyo mtavuna majani. Sasa pale kuna desturi. Wa dungu moja akiita "Oooe", wa dungu la jirani lazima aitikie. Hata kama jana mligombania maji ya mfereji, utaitikia tu. Sisi tulikuwa wageni, baba alihamia pale kutoka Rungwe kufuata mpunga, kwa hiyo desturi tuliifuata bila kuuliza ilianzaje. Tena kwa utundu wetu tukaiingiza kwenye nyimbo. Ninaimba, kila mwisho wa ubeti naita, na kutoka huko mashambani tunaitikiwa.

Miaka ikapita, nikaolewa, nikazeeka kidogo. Hivi karibuni nikampelekea ile kanda prodyuza mmoja wa Iringa mjini, kijana anaitwa Festo, aiingize kwenye kompyuta ili tuitoe upya. Nilikaa kwenye kiti chake nikajisikiliza nikiwa binti, na niamini, nilijivuna mpaka nikaona haya. Yule mtoto alikuwa anajua kuimba. Galoni linayumba hapa na pale, yeye hayumbi. Nilitamani marehemu baba awepo, maana ndiye aliyekuwa anatulaumu kwa kummalizia betri zake.

Festo akasimamisha wimbo, akaniuliza anayeitikia ni nani. Nikamwambia ni jirani wa dungu la pili, mwanamke mtu mzima, hatukuwahi hata kumwona vizuri. Akasema sauti hiyo iko mbali mno, inachafua wimbo, ataifuta. Nikamkatalia. Sauti ilikuwa nzuri, na mtu aliyeimba kwenye albamu yangu lazima jina lake liandikwe, tukubaliane hapo. Nikamwachia kanda, nikaenda Ubaruku kumtafuta mwenye sauti.

Sekela hakuhama, analima palepale. Siku hiyo alikuwa mashineni anakoboa, basi nikatangulia peke yangu hadi lilipokuwa shamba letu. Ilikuwa jioni, saa ambayo ndege wanakula kwa pupa kabla ya kwenda kulala. Juu ya tuta katikati ya majaruba alisimama mwanamke, kanga kiunoni, mikononi hana debe wala kombeo. Nikamwamkia, "Kamwene." Akaitikia vizuri tu. Basi mimi nikaleta utani wa zamani, nikaita, "Oooe."

Akaniitikia. Sisemi sauti ilifanana. Ilikuwa ileile ya kwenye kanda, na masikio yangu ndiyo yanayonilisha, hayawezi kunidanganya kwa jambo kama hilo.

Kwanza nilifurahi. Ndipo nikaangalia ndege. Nilipoita mimi, shamba zima liliruka. Lakini pale aliposimama yeye, ndege walibaki wamening'inia kwenye masuke, karibu kabisa na mkono wake, wanakula kwa raha zao. Alipoitikia kwa sauti yote ile, hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa. Hebu niambie wewe, huyo ni mwamia ndege wa aina gani?

Nikataka kukimbia. Akanitazama, wala si kwa ubaya.

"Kumbe ulikuwa unanisikia?" akauliza.

"Nilikuwa nakusikia, mama," nikasema. "Kila wimbo."

"Basi vizuri. Mimi nilijua hakuna anayesikia."

Akageuka, akafuata tuta kuelekea mferejini. Sikupepesa macho, nakuhakikishia. Alikuwepo, halafu pale palikuwa na mpunga tu, na ndege waliokuwa naye wakaruka wote kwa pamoja.

Nilipomsimulia Sekela, alikaa chini juu ya gunia. Kisa hicho alikipata ukubwani, alipoolewa na mtu wa pale. Zamani, kabla sisi hatujahamia Ubaruku, kulikuwa na mama aliyekuwa anaamia ndege shamba lile. Nyoka akamuuma. Akaita, akaita sana, na watu wa mashamba yote ya jirani walimsikia. Kila mmoja alidhani anafukuza ndege. Walimkuta jioni, wakati wa kurudi nyumbani. Tangu hapo ndipo wakakubaliana kwamba mtu akiita shambani lazima aitikiwe, ili ajulikane ni mzima au ana shida. Nililia pale mashineni, watu wakadhani nimefiwa.

Kumbe huku nyuma Festo, mbishi kama nini, alikuwa ameifuta ile sauti ili anionyeshe wimbo ulivyo safi. Akanipigia simu ananiomba nirudi haraka. Nilipoingia studio hakunisalimia hata, alibonyeza tu wimbo ukaanza. Naimba, nafika mwisho wa ubeti, naita. Kimya. Halafu naita tena. Halafu naita mara nyingine, na sasa yule binti anatetemeka, anaita kama mtu anayeomba msaada, na galoni limeacha kupigwa.

Naomba unielewe vizuri. Ile kanda naijua kuliko ninavyojua chumba changu. Sikuwahi kuita hivyo, wala Sekela hakuwahi kuacha kupiga. Nilimwambia Festo arudishe sauti ya mama wa watu. Akairudisha, akaanzisha upya, na binti akaita mara moja, akaitikiwa, akaendelea na wimbo wake kwa madaha. Toka siku hiyo Festo habishani na mimi.

Lakini jina nilikuwa bado sina, na ruhusa pia. Sekela alinielekeza Chimala, kwa binti wa marehemu, anauza mchele sokoni, watu wanamwita Mama Neema. Nilienda na wimbo kwenye simu, nikijua anaweza kunifukuza, na angekuwa na haki. Nilimweleza yote bila kuficha. Aliichukua simu, akaiweka sikioni, akaziba sikio la pili kwa kiganja kwa sababu ya kelele za soko.

Wimbo ulipoisha alikuwa analia. Akaniambia kwamba siku ile na yeye alikuwepo, mtoto mdogo, anacheza nyumbani, na alimsikia mama yake. Na yeye pia alidhani anafukuza ndege.

"Miaka yote nikimkumbuka, namsikia anaita," akasema. "Leo ndiyo nimemsikia anaimba. Rudia, dada yangu."

Nilirudia. Wateja walisubiri.

Albamu imetoka. Kwenye jalada kuna jina langu, la Sekela na la yule mama, na kama unataka kulijua, itafute albamu ulisome mwenyewe. Nimerekodi mengi ukubwani, kwa magitaa ya kweli, lakini hakuna kinachoifikia ile, nasema bila aibu. Kilichonibakia ni kwamba siwezi tena kusikia mtu anaita nikapita. Hata muuza karanga akiita barabarani naitika, mume wangu anakereka.

Nawe nakuonya. Ukipita Mbarali mpunga ukiwa unaiva, ukasikia mtu anapaza sauti huko mashambani, usijiambie kwamba anafukuza ndege. Simama, itikia kwa nguvu zako zote, halafu usiondoke mpaka umsikie tena.