Piki Nene Mkononi mwa Kisigino

Walimnyima nafasi ya gitaa la solo kabla hajagusa uzi hata mmoja. Hilo lisemwe mwanzo, tena bila kumung'unya maneno, kwa kuwa taarifa ya kamati ya bendi ya mji inadai vingine: kwamba mwombaji alisikilizwa, akapimwa, akaonekana "hana wepesi unaotakiwa." Kilichotokea siku ya usaili ni hiki. Mkuu wa bendi alipitisha kopo la piki, vile vibanzi vya plastiki vya kupigia nyuzi, kama ilivyo desturi yao. Waombaji watatu wa kiume walipewa piki nene. Yeye, mwanamke pekee mle ukumbini, alipewa nyembamba, iliyopinda kwa kuguswa tu. Alipotoa yake mfukoni aliamriwa airudishe. Kanuni ya bendi, alielezwa kwa upole wa kuudhi, inataka wanawake wapigie piki nyembamba, mikono yao isije ikachoka.

Mikono yenyewe ni ya fundi viatu. Kwa miaka kumi na tisa imekuwa ikivuta uzi wenye nta kupitia soli za buti, na mtaa mzima humwita Kisigino kwa sababu hakuna mwingine anayepachika kisigino kikakaa sawa kama yeye. Karakana yake ni chumba kimoja: dirisha la kupokelea kazi, cherehani ya ngozi, rafu ya viatu vilivyofungwa jozi jozi, kila jozi na kikaratasi chake. Humo hufanya kazi na wifi yake, dada wa mumewe, ambaye hupaka gundi na kuzungumza kwa wakati mmoja, wala hakuna kinachokauka.

Gitaa alilikuta kwa mumewe, dereva wa lori aliyelinunua kwa mbwembwe kisha akalitundika ukutani. Kisigino akalishusha. Alianzia rithimu, akipiga harusini na kundi la majirani, na wakati huo piki nyembamba ilimfaa kabisa. Anayefagia nyuzi zote sita kwa pigo moja anahitaji kitu kinachokubali kupinda, ama sivyo nyuzi humgomea. Hakuwa na ugomvi na piki nyembamba wakati huo, wala hana leo.

Matatizo yalianza alipohamia solo. Solo hupigwa uzi mmoja mmoja, kwa kasi, na kila sauti lazima isimame peke yake. Piki nyembamba ilikuwa inapinda kwanza, uzi unalia baadaye. Sauti zikapandana, na juu yake mlio wa plastiki, tak tak tak, kama ndala sakafuni. Mwaka mzima alivilaumu vidole vyake. Alijifua mpaka kiwiko kikavimba.

Alipata jibu akiwa kazini, tena mchana, akichonga soli ngumu. Wifi yake alikuwa amempa kwa makosa kisu cha kukatia bitana, chenye bapa jembamba, na kikawa kinayumba ndani ya ngozi na kwenda kinakotaka chenyewe. Kisigino akakiweka chini, akakitazama. Hajawahi kumlaumu fundi yeyote kwa kushindwa kukata soli kwa kisu cha bitana. Kwa nini basi ajilaumu yeye?

Jioni hiyo alichukua kijiko cha kuvalia viatu kilichovunjika, cha plastiki nene, akakata piki tatu. Ya kwanza, pana, ilizunguka ovyo mkononi. Ya pili aliichonga ncha kali, nayo ikaparuza nyuzi hadi meno yakamsisimka. Ya tatu aliifanya ndogo na nene, ncha akaiviringa kidogo, kingo akazilainisha kwa msasa wa soli ili uzi uteleze badala ya kukwama. Alirudia kuilainisha siku nne.

"Wifi," dada wa mumewe alimwambia, "hicho kipande unakibembeleza kuliko unavyombembeleza kaka yangu."

"Kaka yako halalamiki."

"Atalalamika kwa nani, yuko barabarani."

Ndiyo piki aliyoamriwa kuirudisha mfukoni siku ya usaili. Akapiga kwa ile nyembamba, sauti zikapandana vilevile, na kamati ikaandika ilichokuwa imekwisha kukiamua.

Wifi alitaka waende wakawatolee uvivu. Kisigino alikataa kupiga kelele. Aliandika rufaa, ukurasa mmoja, akaitwa asubuhi ya Alhamisi kwenye ukumbi uleule. Mpiga solo anayestaafu, ambaye bendi nzima humwita Mjomba, alikuwa amekaa pembeni. Kisigino akamsalimu kwa heshima, akamwomba apige utangulizi wake maarufu kwa piki nyembamba kutoka kopo la mkuu wa bendi. Mkuu wa bendi akasema hakuna haja. Mjomba, ambaye hapendi kusemewa, akaipokea.

Alianza kwa madaha. Haukupita muda akajikwaa. Akarudia, akajikwaa palepale. Akaigeuza ile piki, akacheka peke yake.

"Mkuu, hii inanipepea mkononi," alisema. "Miaka thelathini nimepiga hapa, na leo mngenifelisha."

Kisigino akalipokea gitaa, akatoa piki yake nene, akapiga utangulizi uleule. Kila sauti ilitoka imekatwa sawasawa, hata zile za haraka ambazo Mjomba mwenyewe huzichengachenga kidogo. Mpiga ngoma, aliyekuja kufuata funguo zake tu, alijikuta akigonga mdundo kwenye kiti.

"Kanuni ni kanuni, dada yangu," mkuu wa bendi akasema.

"Mzee, mimi naomba nafasi ya solo," alimjibu. "Nipimeni kwa nyuzi. Habari ya mkono wangu kuchoka niachieni mimi."

Kamati iliahidi kulitazama suala hilo. Sasa ni wiki ya tatu. Kisigino hana wasiwasi: asubuhi anashona, alasiri anafanya mazoezi, na utangulizi wa Mjomba ameshautengenezea mwisho mpya ambao Mjomba ameukubali. Mwenye la kujibu ni kamati.

Basi jibuni, ninyi mnaokalia vile viti vitano. Futeni kanuni inayogawa piki kwa jinsia. Mpiga rithimu apewe nyembamba akiitaka, mpiga solo nene akiitaka, awe mwanamume au mwanamke, na anayekuja na yake aachwe apige nayo. Ifuteni hadharani ile taarifa ya usaili, kwa kuwa mnajua si ya kweli. Kisha mwandikieni barua ya kazi kabla Mjomba hajaondoka mwisho wa mwezi huu, na mtie saini nyote watano.